NJIA YA KUWA MHANDISI WA MITAMBO YA KOMPYUTA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Mwezi wa Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wetu wa mwisho. Kila jioni bwenini, kabla ya kengele ya masomo ya usiku, swali ni moja tu: "Wewe ukitoka hapa utakwenda wapi?" Wengine hujibu udaktari, wengine ualimu, wengine jeshi. Mimi hujibu kwamba nataka kuwa mhandisi wa mitambo ya kompyuta, na mara nyingi wenzangu hucheka na kusema, "Kumbe unataka kuwa fundi simu!" Kwa hiyo nimeona yafaa niandike habari za kazi hii, maana wengi twaitaja bila kuijua. Hata mimi sikuijua mpaka nilipofanya kosa kubwa.

Kosa lililonifundisha

Nilipokuwa Kidato cha Pili nilikwenda likizo kwa mjomba wangu, ambaye ana duka dogo la kuchapa barua na kutoa nakala. Siku moja kompyuta yake ilikataa kuwaka, ikawa inalia tu kwa mlio mfupi mfupi. Mjomba alikuwa amekwenda sokoni. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba mlio kama ule mara nyingi husababishwa na kipande cha kumbukumbu kisichokaa vizuri mahali pake. Basi nikabonyeza swichi ya mbele, kompyuta ikazimika, nikafungua sanduku lake, nikachomoa kile kipande, nikakifuta kwa kitambaa, kisha nikakirudisha kwa nguvu. Mara nikasikia harufu ya kuungua. Tangu siku ile ubao mkuu wa kompyuta ile haukufanya kazi tena.

Ilikuwa wiki ya kufungua shule, wakati wateja ni wengi. Mjomba alikosa kazi ya siku tisa, akakopa fedha ili anunue kompyuta nyingine iliyokwisha kutumika. Hakunipiga. Aliniambia tu, "Mjomba, fundi ni mtu anayeuliza kwanza." Kisha akanipeleka kwa fundi redio wa mtaani kwetu, akamwomba anieleze nilichokosea.

Yule mzee aliniuliza swali moja: "Uliuchomoa waya wa ukutani?" Nikajibu kwamba sikuuchomoa, kwa kuwa kompyuta ilikwisha kuzimika. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba kompyuta ya mezani ikizimwa kwa kitufe cha mbele haizimiki kabisa. Kifaa chake cha kugawa umeme huendelea kupeleka volti 5 kwenye ubao mkuu, ili ile swichi ya mbele iweze kuiamsha tena. Kwa hiyo nilikuwa nimeingiza kipande katika ubao wenye umeme, tena nilikiingiza kwa kukilazimisha. Hapo ndipo nilipotambua kuwa kuna elimu nzima nyuma ya lile sanduku, na kwamba ujasiri bila elimu ni hasara ya mtu mwingine.

Kazi hii ni ipi?

Kwanza tutenganishe watu watatu. Wa kwanza ni mwandishi wa programu. Yeye hutunga maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Wa pili ni fundi sanifu, ambaye hufunga mitambo, huitunza, na huitengeneza inapoharibika. Wa tatu ni mhandisi wa mitambo yenyewe. Yeye hubuni vile vipande: hupanga saketi, huchagua vifaa, hupima umeme na joto, na huhakikisha kwamba kitu kitafanya kazi miaka mingi bila kuungua. Hakuna aliye bora kuliko mwenzake. Mhandisi asiyeweza kushika chuma cha kulehemu hana faida, na fundi sanifu anayejua sababu ya mambo yu karibu sana na uhandisi.

Tena tusidhani kwamba kompyuta ni ile ya mezani peke yake. Mita ya LUKU ina kompyuta ndogo ndani yake. Mashine ya kutolea risiti dukani inayo, na simu ya mkononi ni kompyuta kamili. Mizani ya kisasa, mashine za hospitali, na vifaa vya kuongoza umeme wa jua vyote vina vipande vya namna hiyo. Ni kweli kwamba kutengeneza chipu zenyewe kwahitaji viwanda vya gharama kubwa mno, kama vile vya Taiwan na Korea ya Kusini. Lakini kupanga chipu hizo juu ya ubao ili zipime maji, ziwashe pampu au zihesabu magunia ni kazi inayoweza kufanywa katika chumba kidogo na watu wachache wenye elimu.

Kompyuta huhesabu namna gani?

Kompyuta haijui tarakimu kumi kama sisi. Yajua hali mbili tu: umeme upo, au umeme haupo. Hali ya kwanza twaiandika 1, na ya pili twaiandika 0. Kwetu, kila nafasi ya tarakimu ni mara kumi ya ile iliyo kuliani kwake. Kwa kompyuta ni mara mbili. Kwa hiyo nafasi, kuanzia kulia, ni za moja, mbili, nne, nane, na kuendelea. Namba 13 huandikwa 1101, yaani nane moja, nne moja, mbili hakuna, na moja moja. Jumlisha 8, 4 na 1, utapata 13.

Sasa fanya jaribio hili. Chukua betri mbili za tochi, balbu ndogo ya tochi, swichi mbili na vipande vya waya. Usitumie kamwe umeme wa ukutani.

Jaribio la kwanza: funga swichi zote mbili katika njia moja, moja baada ya nyingine. Balbu haitawaka mpaka swichi ya kwanza NA ya pili zote zifungwe.

Jaribio la pili: funga swichi hizo sambamba, kila moja na njia yake. Balbu itawaka ukifunga ya kwanza AU ya pili.

Jaribio la tatu lipo tayari katika majengo mengi ya ghorofa. Kwenye ngazi kuna swichi moja chini na nyingine juu, nawe waweza kuwasha taa chini na kuizima ukifika juu. Tuseme waya zimefungwa hivi kwamba taa huwaka swichi zikiwa TOFAUTI, na huzimika zikiwa sawa.

Tazama basi maajabu. Katika hesabu ya kompyuta, 0 na 0 ni 00. 0 na 1 ni 01. 1 na 0 ni 01. Na 1 na 1 ni 10, kwa kuwa nafasi ya moja imejaa, nasi twapeleka moja kushoto. Angalia tarakimu ya kulia: ni 1 pale tu namba mbili zinapotofautiana, kama taa ya ngazini. Angalia ya kushoto: ni 1 pale tu zote mbili zinapokuwa 1, kama jaribio letu la kwanza. Kwa hiyo ukiunganisha saketi ya TOFAUTI na saketi ya NA, umekwisha kupata mtambo wa kujumlisha! Kompyuta kubwa yoyote, ukiifungua mpaka ndani kabisa, imejengwa kwa saketi nyepesi kama hizi zilizorudiwa mara nyingi mno.

Swichi zake zilivyokuwa ndogo

Mwalimu wetu wa Fizikia aliniuliza, "Nani atazibonyeza swichi hizo zote?" Jibu ni kwamba umeme wenyewe huzibonyeza. Mtambo wa ENIAC, uliozinduliwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani mwaka 1946, ulitumia valvu za kioo kama za redio za zamani, zipatazo 18,000. Ulikuwa na uzito wa tani 30 hivi, na valvu ziliungua mara kwa mara.

Mwaka 1947 wataalamu wa Bell Labs, John Bardeen na Walter Brattain, walitengeneza transista ya kwanza. Wao pamoja na mkuu wao, William Shockley, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1956. Transista ni swichi isiyo na kitu kinachosogea: umeme mdogo katika mguu mmoja huruhusu au huzuia umeme upitao katika miguu mingine. Mwaka 1958 Jack Kilby alionyesha kwamba vifaa vingi vya saketi vyaweza kutengenezwa pamoja katika kipande kimoja. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa chipu iitwayo 4004, yenye transista zipatazo 2,300. Chipu ya M1 ya kampuni ya Apple, iliyotoka mwaka 2020, ina transista bilioni 16.

Nawaomba pia mkumbuke jina la Dakta Mark Dean, Mmarekani mweusi aliyezaliwa katika jimbo la Tennessee mwaka 1957. Alikuwa mmoja wa wahandisi wa kampuni ya IBM waliounda kompyuta yao ya watu binafsi iliyotoka mwaka 1981, naye alishiriki kubuni njia ya kuunganisha vifaa vya nje na kompyuta hiyo. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1992, baada ya kazi hiyo kwisha kumpa sifa. Yaani hakuacha kusoma.

Masomo na vyuo

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Masomo ya kuinamia ni Hisabati, Fizikia na Kemia, na Kiingereza tusikidharau, kwa sababu maelezo ya kila chipu yameandikwa kwa lugha hiyo. Hapa Tanzania njia ni mbili.

Njia ya kwanza ni kuendelea Kidato cha Tano na cha Sita kwa Fizikia, Kemia na Hisabati, kisha chuo kikuu. Shahada ya uhandisi wa kompyuta hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Wasio na uwezo huweza kuomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004.

Njia ya pili ni kwenda chuo cha ufundi moja kwa moja baada ya Kidato cha Nne na kusoma stashahada kwa miaka mitatu. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambayo mizizi yake ni chuo cha ufundi kilichoanzishwa mwaka 1957, hufundisha kozi hiyo. Mwenye stashahada nzuri huweza baadaye kuendelea na shahada. Katika njia zote mbili, atakaye kuitwa mhandisi kwa haki hana budi kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi baada ya kufanya kazi chini ya wenye uzoefu.

Neno la mwisho

Sitaki kuwadanganya wasomaji. Katika mtihani wa muhula uliopita nilipata D ya Hisabati. Nilikuwa nakimbilia vitu vya kufungua na kufunga, nikayaacha mazoezi ya logarithimu na jometri kana kwamba si ufundi. Mwalimu aliniambia, "Mkono wako umetangulia kichwa, kama siku ile dukani." Maneno hayo yaliniuma kwa kuwa ni kweli. Sasa kila usiku nafanya maswali kumi ya Hisabati kabla ya kugusa kitu kingine, na wenzangu wawili wamejiunga nami.

Mama yangu ni mkulima, na nina wadogo watatu. Nimeamua kwamba nikifaulu nitaomba njia ya pili, ili niwe na kazi mikononi mapema, kisha niendelee. Wazazi, msiwakataze watoto kufungua redio iliyokufa, ila waambieni waichomoe ukutani kwanza, na wawe na mtu wa kuuliza. Nanyi wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, anzeni na Hisabati sasa, msingoje mpaka mfike nilipo.

Ule ubao mkuu ulioungua ninao hapa shuleni ndani ya sanduku langu, chini ya nguo. Mjomba alinipa mwenyewe. Alisema nisimlipe fedha, bali siku nitakapoweza kumweleza kila kipande kilichomo kina kazi gani, deni litakuwa limekwisha. Mpaka leo nimeweza kumweleza vipande kumi na vinne. Vilivyobaki ni vingi, na kwa hilo naomba mniombee.