Ndege Imeanguka: Usisubiri Ripoti, Usikimbilie Sahihi

Msomaji mmoja ananiandikia kwamba mumewe alifariki katika ajali ya ndege ndogo. Kila akiulizia fidia anajibiwa, "Mama, subiri uchunguzi uishe." Kisha ameletewa karatasi atie sahihi ili apokee rambirambi. Anauliza: atie?

Mama, usitie kabla wakili wako mwenyewe hajaisoma. Neno "rambirambi" liko juu kwa herufi nene, lakini shuka hadi aya ya mwisho, pale herufi zinaposinyaa: "malipo kamili na ya mwisho", "sitadai tena". Sahihi yako hapo inamaliza kesi kwa bei ya jeneza. Anayekupa pole kwa moyo safi hahitaji uachilie madai. Kampuni ya ndege ikitaka kutoa pesa, karatasi iseme ni malipo ya awali, yatakayokatwa kwenye fidia.

Hilo la kusubiri ndilo linalonikera zaidi. Mnaikumbuka Cessna Caravan iliyotoka Kitale tarehe 5 Juni 2018 kuelekea Nairobi, ikagonga milima ya Aberdare na kuua wote 10? Hata mabaki yenyewe yalipatikana tarehe 7. Kueleza chanzo cha ajali ya namna hiyo kunaweza kuchukua miaka, na kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wachunguzi hawatafuti wa kulaumiwa; wanatafuta namna ya kuzuia ajali nyingine. Hawatakulipa. Huku nyuma siku zinakatika: chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, kesi isipofunguliwa ndani ya miaka miwili tangu siku ndege ilipopaswa kufika, haki yenyewe inakufa. Mawakili waliozoea ajali za matatu huhesabu mitatu. Wewe hesabu miwili, hata kama safari ilikuwa ya ndani ya nchi.

Tena ripoti huenda usiihitaji kabisa. Chini ya mkataba huohuo, kwa ajali zilizotokea tangu 28 Desemba 2024, kampuni haiwezi kukwepa hasara uliyothibitisha hadi SDR 151,880, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha Duniani, kwa kusema haikukosea.

Ila mkataba huo ni wa safari za kimataifa. Abiria mwenye tiketi moja ya Kitale hadi Dubai kupitia Nairobi anao ulinzi huo tangu Kitale. Jirani yake wa kiti, anayekwenda Nairobi kusalimia wajukuu, familia yake inaachiwa sheria ya nyumbani. Mlima ni uleule. Na huko mahakamani mama mboga asiye na hati ya mshahara hukadiriwa kwa kima cha chini, kana kwamba genge lake halikusomesha mtu. Bunge lingeweza kuliondoa pengo hili kati ya safari za nje na za ndani, lakini wafiwa hawana wa kuwasemea kule.

Wiki hii chukua cheti cha kifo na barua ya chifu yenye majina ya wategemezi, uende mahakamani kuomba hati ya muda ya usimamizi wa mirathi kwa ajili ya kesi tu. Hiyo hutoka mapema kuliko mirathi kamili. Chifu akidai chai, mkumbushe kwamba barua hiyo ni bure. Akishikilia, mpelekee naibu kamishna wa kaunti malalamiko yako kwa maandishi.