SOMO LA AFYA: SAMAKI WA MAMA NI UBONGO WA MTOTO

Sisi wa Micheweni tunaishi na bahari. Dagaa na vibua hushushwa Tumbe na Shumba. Wengi huuzwa. Wale wachache wanaofika nyumbani, baba hupewa kwanza, kisha watoto. Mama mja mzito hula muhogo wake kwa mchuzi mtupu. Je, ni nani hasa aliyemhitaji samaki yule?

Ubongo umejengwa kwa nini?
Ukiondoa maji, zaidi ya nusu ya ubongo ni mafuta. Baadhi ya mafuta hayo huitwa omega-3. Mwili wenyewe huyatengeneza kidogo sana. Kwa hiyo hutoka katika chakula, hasa samaki wa baharini. Ubongo wa mtoto hukua mbio katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba na miaka miwili baada ya kuzaliwa. Tumboni mtoto huyapata kwa damu ya mama. Akizaliwa, huyapata kwa maziwa ya mama. Mama asipokula samaki, maziwa yake huwa na mafuta hayo kidogo.

Wengine watauliza, "Mbona tui tunakula kila siku?" Ni kweli, na tui hutia nguvu. Lakini halina omega-3.

Samaki gani?
Dagaa na vibua wanafaa sana, na bei yao ni nafuu. Mama ale mara mbili au tatu kwa wiki. Wapikwe mchuzi au wachemshwe, maana kukaanga sana hupunguza mafuta hayo mema. Lakini mama mja mzito asile papa wala nduaro. Samaki hao wakubwa hula wadogo maisha yao yote, wakakusanya zebaki, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Dagaa wana zebaki kidogo mno.

Samaki peke yake hawatoshi. Mama anahitaji pia mboga za majani, kunde na kwenda kliniki mapema.

Basi akina baba, kabla ya kuuza tenga zima, tutoe fungu la mama. Fungu hilo si hasara. Ni akili ya mtoto wetu.

Maswali ya kujadiliana
1. Nyumbani kwako nani hupakuliwa samaki kwanza? Kwa nini?
2. Kwa nini tui haliwezi kuchukua nafasi ya dagaa?
3. Taja samaki wawili ambao mama mja mzito asile.