"Kesho" ya Mja na Mzigo wa Moyo

Ndugu msomaji, mtu anayekaa Korogwe hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kazi isiyokubali kuahirishwa. Tangu mkonge ulipoletwa katika nchi hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, mashamba yake yameenea katika bonde la mto Pangani na kandokando ya reli ya Tanga, na kila aliyepata kufanya kazi humo anaijua sheria moja: jani likishakatwa lisikae. Lazima lifungwe matita, lipelekwe kwenye korona na kusagwa kabla halijakauka, kwa maana jani lililokauka nyama yake hugandamana na nyuzi, na katani itokayo humo huwa chafu na ya bei ya chini. Mkata mkonge aweza kuamua asikate. Lakini akishakata hana tena hiari ya kungoja. Naye mkulima wa mahindi wa Handeni, ambako mvua si nyingi wala si za kutegemewa, anajua kwamba asubiriye masika yaanze ndipo atafute mpini wa jembe, amekwisha poteza nusu ya mavuno yake kabla hajatia mbegu ardhini.

Ajabu ni kwamba mtu huyuhuyu, aliye hodari shambani, akirudi nyumbani huwa mtu mwingine. Barua ya ndugu yake haijajibiwa tangu mwezi uliopita. Deni la dukani halijalipwa wala mwenye duka hajaambiwa neno. Jirani aliyemkosea hajaombwa radhi. Kifua kinauma, na hospitali ya Magunga iko papa hapa mjini, lakini atakwenda wiki ijayo. Kwa kila jambo ana neno moja: kesho.

Wengi huuita mwenendo huu uvivu, wakadhani wamemaliza maneno. Sivyo. Mvivu wa kweli hulala akapata usingizi. Anayeahirisha halali. Mwili wake umekaa barazani, lakini moyo wake unazunguka kwenye yale aliyoyaacha. Mchukue mtu anayedaiwa shilingi 20,000 na mwenye duka wa Manundu. Siku ya kulipa ilipofika hakuwa nazo. Angekwenda siku ile ile akasema, "Bwana, sijapata, nivumilie hadi mwisho wa mwezi," yangekuwa maneno ya dakika mbili. Hakwenda. Baada ya wiki moja aona haya kwa kuwa hakwenda mapema. Baada ya mwezi hupita njia ya nyuma ili asionekane. Simu ikilia moyo humruka. Deni halikuongezeka hata senti moja. Kilichoongezeka ni hofu yake, na hofu hiyo ameilea mwenyewe kwa mikono yake. Tena wapo ambao, ili kulikimbia deni moja, hukopa pengine, katika mikopo ile ambayo watu wenyewe wameiita "kausha damu", na jina lake latosha kuieleza.

Mwaka 1927 mwanachuoni mmoja wa elimu ya nafsi, Bluma Zeigarnik, alitoa mjini Berlin uchunguzi wake kwamba kazi iliyokatizwa njiani hukaa akilini zaidi kuliko iliyokwisha. Wengine waliojaribu tena baadaye hawakupata jibu lile lile kila mara, kwa hiyo tusiufanye kuwa sheria. Lakini kila mmoja wetu aweza kujipima usiku anapolala, aone ni mambo yapi yanayomjia: yale aliyoyatimiza, au yale aliyoyaacha.

Kurani Tukufu imeligusa jambo hili mahali pengi. Katika sura ya 59, aya ya 19, waaminio wanaagizwa wamche Mungu na kila nafsi itazame imetanguliza nini kwa ajili ya kesho. Angalia vizuri, ndugu msomaji: kesho ya Kurani ni ya kutangulizia amali, si ya kuzirundikia. Na katika sura ya 63, aya ya 11, anatajwa mtu ambaye mauti yamemfikia, naye anaomba acheleweshwe muda kidogo tu ili atoe sadaka na awe miongoni mwa wema. Mtu huyo hakukataa kutoa. Alikuwa akikusudia siku zote.

Lakini mfano ulio wazi kupita yote ni wa Kaab bin Malik r.a., sahaba wa Mtume Mtukufu s.a.w., ambao yeye mwenyewe aliusimulia, na Imamu Bukhari ameuhifadhi katika Sahihi yake. Ilikuwa mwaka wa 9 wa Hijra, yaani mwaka 630, katika safari ya Tabuk. Jua lilikuwa kali, safari ndefu, na huko Madina matunda yalikuwa yameiva na vivuli vinapendeza. Kaab hakuwa mnafiki. Alikuwa Ansari aliyekula kiapo cha Aqaba, na mshairi aliyeutetea Uislamu kwa ulimi wake. Wala hakuwa maskini wakati ule. Anasema kwamba kabla ya hapo hakuwahi kuwa na wanyama wawili wa kupanda kwa pamoja, na safari hii alikuwa nao. Kila asubuhi alitoka ili ajitayarishe pamoja na Waislamu wenziwe, na kila jioni alirudi hajafanya kitu, akijiambia kwamba anaweza kufanya wakati wowote atakao. Jeshi likaondoka. Akasema atajitayarisha siku moja au mbili kisha awafuate. Zikapita. Akawaza kupanda na kuwakimbilia. Na yeye mwenyewe baadaye alitamani kama angalifanya hivyo. Mwishowe alipotembea mjini hakuona waliobaki ila wenye kutuhumiwa unafiki na wanyonge wenye udhuru.

Tazama sasa wasiwasi ulimwingia lini. Katika siku zile za "nitafanya" hatusikii kuwa alikosa raha. Huzuni ilimwanza alipotembea mitaani asione wa kufanana naye, na habari zilipofika kwamba Mtume s.a.w. yuko njiani kurudi, hapo ndipo moyo ulipovurugika. Akaanza kutunga udhuru, akiwauliza wenye busara katika jamaa yake atasema nini kesho. Hiyo ndiyo kawaida ya jambo hili: starehe huja kwanza, na bei yake hudaiwa baadaye pamoja na faida.

Watu themanini na kitu walikwenda wakatoa nyudhuru zao, nazo zikapokelewa kwa dhahiri yake. Kaab alipoketi mbele ya Mtume s.a.w. alisema kweli: hakuwa na udhuru wowote. Yeye na wenzake wawili, Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya, wakaambiwa wangojee hukumu ya Mungu, na watu wakakatazwa kusema nao. Siku hamsini alikaa hivyo. Mfalme wa Ghassan alimpelekea barua ya kumshawishi ahamie kwake, akaitia tanuruni. Kurani Tukufu, katika sura ya 9, aya ya 118, inaeleza jinsi ardhi ilivyowabana watu hao watatu pamoja na upana wake, mpaka wakayakinisha kuwa hapana pa kumkimbia Mungu ila kwake Yeye. Alfajiri ya siku ya hamsini, amekaa juu ya nyumba yake baada ya sala, akasikia mtu akipaza sauti kutoka mlima wa Sal'i akimpa bishara ya kukubaliwa toba yake. Alifurahi hata akamvua nguo zake mbili akampa yule aliyemletea habari, naye akaazima nguo nyingine za kwendea msikitini.

Dhiki ya siku hamsini ilikuwa kubwa, wala hatusemi kuwa anayekiri kosa hupata raha saa ile ile. Lakini kuna huzuni ya mtu ambaye hana tena la kuficha, na kuna hofu ya mtu anayeficha. Ile ya kwanza ina mwisho.

Kadhalika ipo dua ambayo Mtume Mtukufu s.a.w. aliisoma mara nyingi, nayo imo katika Bukhari. Ndani yake alijikinga kwa Mungu na mambo manane, mawili mawili: wasiwasi na huzuni, udhaifu na uvivu, ubahili na woga, uzito wa deni na kukandamizwa na watu. Wanavyuoni wamesema kuwa wasiwasi ni kwa yajayo, na huzuni ni kwa yaliyopita. Anayezisoma jozi hizi kwa kufikiri ataona si bure kuwa wasiwasi umewekwa mlango mmoja na uvivu, na mwisho wa safu ukasimama uzito wa deni.

Hapa ni lazima tuseme neno juu ya "Insha-Allah". Katika sura ya 18, aya ya 24 na 25, tumekatazwa kusema juu ya jambo lolote kuwa tutalifanya kesho bila ya kulitegemeza katika mapenzi ya Mungu. Hiyo ni adabu ya mtu aliyekwisha azimu. Lakini siku hizi kwetu limekuwa neno la kumwondoa mtu mlangoni kwa heshima! Fundi akisema "Insha-Allah Jumamosi", mwenye suruali huelewa kuwa Jumamosi asiende. Kulitumia jina la Mungu kufunika ahadi ambayo msemaji hana nia nayo ni jambo zito kuliko kuchelewa kwenyewe.

Dawa ya kwanza Mungu ameiweka katika sala, ambayo katika sura ya 4, aya ya 104, imeitwa faradhi yenye nyakati maalumu. Mwenye kusali kwa wakati amekwisha zoezwa mara tano kila siku kuacha alilo nalo na kutimiza lililofika. Basi na aitumie mizani hiyo: lile deni litasemwa baada ya Adhuhuri, ile barua itaandikwa baina ya Alasiri na Magharibi, hata kama ni mistari mitatu. Mwaka 2011 wataalamu wawili wa Marekani, Masicampo na Baumeister, walionyesha kwamba mtu aliyepanga hasa lini na vipi atafanya kazi yake, mawazo ya kazi hiyo hupunguza kumsumbua hata kabla hajaifanya. Juu ya madeni, sura ya 2, aya ya 283, imetuagiza tuyaandike, madogo na makubwa, pamoja na muda wake, na tusichoke kuandika.

Lakini aliyekosa usingizi kwa majuma mengi, anayetetemeka bila sababu au aliyekinai chakula, asiambiwe tu aongeze sala. Hayo yaweza kuwa maradhi, na Mtume s.a.w. amefundisha kuwa kila maradhi yameteremshiwa dawa. Na aende kwa daktari, tena wiki hii.

Kwa wanajumuiya lipo jambo moja la karibu. Mwaka wa Tahrik Jadid, mpango ulioanzishwa na Khalifa wa Pili r.a. mwaka 1934, hufungwa tarehe 31 Oktoba. Kila mwaka wapo wanaoandikisha ahadi zao kwa furaha mwezi wa Novemba, wakazisahau mpaka Septemba, kisha wakawa wanamkwepa katibu wa mali hata baada ya sala ya Ijumaa. Anayetoa kidogo kidogo kila auzapo mahindi au machungwa yake, Oktoba humkuta amemaliza, na katibu akifika nyumbani kwake amefika kwa salamu tu.