Umri wa Dunia na Imani ya Mtoto

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza arudi nyumbani kutoka shuleni, aweka daftari mezani, amwuliza baba yake: "Baba, mwalimu amesema dunia ina umri wa miaka milioni elfu nne na mia tano. Katekista alitusomea kwamba Mungu aliumba vyote kwa siku sita. Nani asema kweli?"

Swali hili si la utovu wa adabu. Ni swali la mtoto anayesikiliza pande zote mbili, na mzazi Mkatoliki hana budi kulijibu. Ziko njia mbili mbaya za kulijibu. Ya kwanza ni kumwambia mtoto kwamba mwalimu wake ni wakala wa Shetani. Ya pili husemwa kwa upole, nasi twaiona kuwa mbaya zaidi: "Yaandike katika mtihani upate maksi, kisha uyasahau." Baba asemaye hivyo amemfundisha mwanawe kuwa na kweli mbili, moja ya darasani na moja ya Jumapili. Kijana huyo akifika miaka ishirini atachoka kuzibeba zote mbili, naye ataitua moja. Kwa kawaida haitui ile iliyompatia cheti.

Kanisa halikumwagiza baba yeyote kujibu hivyo. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alikitafakari kitabu cha Mwanzo kwa miaka mingi, na maelezo yake marefu aliyakamilisha karibu na mwaka 415. Aliona jambo ambalo hata mtoto mwerevu huliona: jua limetajwa siku ya nne, basi, jioni na asubuhi za siku tatu za kwanza zilikuwa za namna gani? Hakukubali kwamba lazima zihesabiwe kama siku zetu za saa 24. Tena aliwaonya Wakristo wa wakati wake wasinene upuuzi juu ya nyota, wanyama na mawe mbele ya watu wanaoyajua mambo hayo. Kwa maana asiyeamini akitusikia tunakosea katika lile analolijua, atatusadikije tunapomhubiria ufufuko? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 159 na 283, yafundisha kwamba imani na akili haziwezi kupingana kweli kweli, na kwamba uchunguzi wa wataalamu juu ya umri wa ulimwengu watuzidishia sababu ya kumstaajabia Muumba.

Na ile hesabu ya miaka elfu sita, inayosikika hata leo katika mahubiri ya barabarani? Aliyeifanya kuwa mashuhuri ni James Ussher, askofu mkuu wa Kianglikana huko Ireland, aliyeandika mwaka 1650 kwamba uumbaji ulitokea mwaka 4004 kabla ya Kristo. Alikuwa msomi hodari, lakini hesabu yake si fundisho la imani yetu.

Kinyume chake, mmoja wa waanzilishi wa elimu ya miamba alikuwa askofu Mkatoliki. Niels Stensen, tabibu wa Denmark, alipasua kichwa cha papa mjini Florence mwaka 1666, akatambua kwamba yale mawe yaliyoitwa ndimi yalikuwa meno ya papa wa kale, yaliyozikwa katika tope lililogeuka mwamba. Mwaka 1669 alitoa kanuni itumikayo hadi leo: katika matabaka ya mwamba yasiyovurugwa, la chini ni la zamani kuliko la juu. (Sisi wa magazeti twaielewa upesi: rundo likikaa pembeni mwa ofisi, toleo la kwanza ndilo lililo chini kabisa.) Stensen aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1667, akapewa upadre 1675 na uaskofu 1677. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mwaka 1988.

Kanuni hiyo yatuambia lipi lilitangulia. Haituambii ni miaka mingapi. Kwa swali hilo twende Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na Posta. Fuvu mashuhuri kuliko yote ya Makumbusho hayo liligunduliwa na Bibi Mary Leakey katika bonde la Oldupai tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mumewe, Louis, alikuwa amelala kambini kwa homa. Waliliita Zinjanthropus, kwa kuwa Zinj ni jina la kale ambalo Waarabu waliiitia pwani yetu. Mwanzoni Louis Leakey alilikadiria kuwa na miaka kama 600,000. Mwaka 1961 vipimo vya majivu ya volkano yaliyokuwa pamoja nalo vilitoa miaka 1,750,000.

Vipimo hivyo havikubahatishwa. Katika majivu ya volkano mna potasiamu, na sehemu yake ndogo sana hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni, kwa kasi isiyobadilika. Jiwe likiyeyuka kwa moto, agoni ya zamani hutoroka; likipoa, agoni mpya huanza kukusanyika ndani yake. Mtaalamu huipima iliyokusanyika. Hivyo ndivyo sakristani ajuavyo mshumaa umewaka saa ngapi, kwa kutazama kipande kilichobaki.

Mtoto atauliza: je, huyo ndiye Adamu? La. Wataalamu humweka katika ukoo wa kando uliokwisha bila kuacha wazao. Lakini swali lililo nyuma ya hilo ni zito. Papa Pius wa Kumi na Mbili, katika waraka wa Humani Generis wa mwaka 1950, hakukataza kuchunguza kama mwili wa mwanadamu ulitokana na viumbe vilivyotangulia. Alichoshikilia ni kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe moja kwa moja. Mwaka 1996 Yohane Paulo wa Pili alikiri kwamba elimu ya mageuko ya viumbe imekuwa zaidi ya dhana tu, akalirudia fundisho lile lile juu ya roho. Agoni haiwezi kuipima roho, wala mwalimu wa sayansi hakusema kwamba yaweza. Na akiuliza mtoto mbona wanyama walikufa kabla ya dhambi, ajibiwe kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeona si jambo la akili kudhani kwamba simba alikula majani mpaka Adamu alipokosa.

Lililobaki ni ugumu wa tarakimu zenyewe. Milioni elfu nne na mia tano haziingii kichwani mwa mtoto, wala mwetu. Twawashauri wazazi na walimu wa Dar es Salaam wazipime kwa miguu. Milimita moja na iwe miaka elfu. Basi mita moja ni miaka milioni. Simameni mlangoni pa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, mtembee kurudi nyuma katika wakati.

Kuzaliwa kwa Bwana wetu ni milimita mbili kutoka mlangoni. Watu wa mfano wetu, miaka 300,000: urefu wa rula ya shule. Zinjanthropus hafiki mita mbili. Nyayo za Laetoli, zilizoachwa katika majivu mabichi na kugunduliwa mwaka 1978, ni mita tatu na nusu na kidogo. Kwenye mita 66 dinosaria wanatoweka.

Kwenye mita 150 pasimameni kidogo, kwa maana hapo ndipo Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya zaidi ya tani 200, lakini mikono iliyochimba na vichwa vilivyobeba hadi bandarini Lindi vilikuwa vya watu wetu, mamia yao, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani. Kiunzi kimoja kimesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Jina la Boheti lilipewa dinosaria mwingine wa Tendaguru mwaka 2007, karibu miaka mia baadaye.

Kwenye mita 240 hivi yupo Asilisaurus kongwe, ndugu wa kale wa dinosaria, aliyepatikana kusini mwa nchi yetu na kutangazwa mwaka 2010. Nusu ya jina lake hahitaji kutafsiriwa. Kwenye mita 540 wanyama wenye magamba wajaa baharini, nasi bado tupo Posta.

Kuanzia hapo safari ni ndefu na ukimya mwingi. Mkifika Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ya kwanza ya dunia, mpo karibu na miaka milioni elfu mbili: katikati ya kelele zote za soko hakuna mnyama hata mmoja duniani, ni vijidudu tu visivyoonekana kwa macho. Vukeni bonde la Jangwani. Hapo, au mbele kidogo, ndipo dalili za kwanza za uhai zilizo thabiti. Mwanzo wa dunia wauona ukifika Magomeni, baada ya kilomita nne na nusu. Watoto watakuwa wamechoka, na yafaa warudishwe mjini kwa mwendokasi.