Kabla hujanunua mashine ya kuchomelea, soma hii

Wengi tunauza stendi za viatu, vitanda na majiko mtandaoni, mzigo tunachukua kwa fundi. Sasa kuna wanaotaka kuchomelea wenyewe nyumbani. Wazo zuri, ila usikimbilie kununua.

Mimi nilianza vibaya. Stendi yangu ya kwanza niliipiga rangi nyeusi, picha ikatoka kali, mteja wa Mbinga akalipa. Mzigo ukashuka kwenye basi miguu miwili imeachia. Nikarudisha hela yote. Kumbe nilikuwa napaka juu juu tu, chuma hakikuyeyuka kikashikana. Picha haionyeshi kiungo.

Chagua hivi:

1. Rodi. Mashine, waya mbili na rodi, basi. Unaweza kufanyia nje hata kukiwa na upepo kidogo. Ubaya wake, kila mstari lazima ugonge gamba na kusafisha.

2. MIG. Waya unajitoa wenyewe, kazi inaenda haraka, na bati jembamba inaliweza. Ila ya kawaida inataka mtungi wa gesi, na upepo ukiipeperusha gesi kiungo kinajaa vitundu.

3. TIG. Safi sana kwa aluminiamu na chuma kisichoshika kutu, lakini ni ya polepole na inataka gesi ya argoni.

Kwa sisi wa Namasakata, anza na rodi. Ukiishiwa mtungi wa gesi huku, oda inalala.

Mashine ndogo ya inveta inatosha. Rodi ya milimita 2.5 inataka kama ampea 60 hadi 90, kwa hiyo usibabaishwe na namba kubwa kwenye boksi. Hapo inavuta kama kilowati 2 au zaidi. Usitumie ekstensheni nyembamba, itaungua. Mwite fundi umeme akuvutie waya wake peke yake.

Kujifunza:

- Chora mistari kwenye chuma chakavu kwanza, usiguse oda ya mtu. Ncha ya rodi iwe mbali na chuma kama unene wa rodi yenyewe.
- Rodi ikinata kila mara, ongeza ampea. Ikitoboa, punguza.
- Unga vipande viwili upande mmoja, bana kimoja kwenye jiliwa, kigonge kingine kwa nyundo mpaka kikunjike. Kiungo kikiachia, bado hujaiva.

Usalama sio hiari. Vaa kofia yenye kioo cheusi namba 10 au 11. Mwanga ukikupiga mchana, macho yanawaka usiku kama yamejaa mchanga. Bomba lenye zinki likwangue kwanza, ufanyie nje, moshi wake unaleta homa. Tangi lililowahi kuwekwa petroli usiliguse kabisa, linalipuka.

Ukitaka kusoma zaidi, VETA wana chuo Songea. Na aliyejifunzia mtaani wana utaratibu wa kumpima na kumpa cheti.

La mwisho: piga picha ya kiungo KABLA ya rangi, mtumie mteja. Mimi sasa hivi nafanya hivyo kila oda. Ukiona aibu kuituma hiyo picha, ujue mzigo haujawa tayari kuuzwa.