Bikizee wa Barawa Ana Miaka Mingapi?

Serikali ya Siad Barre ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, maelfu ya watu wa miji ya pwani ya Barawa na Muqdisho walikimbilia Mombasa kwa vyombo vya baharini. Waliwekwa Utange, Benadir na kambi nyingine za pwani. Kambi hizo zilipofungwa katika muongo huohuo, wengine walipelekwa Kakuma na Dadaab, wengine Marekani, na baadhi wakabaki kisiwani Mombasa kwa jamaa zao. Mwanamke aliyefika na miaka arobaini sasa amepita sabini, na uzee wake wa ugenini unafaa kurekodiwa kwa simulizi yake mwenyewe.

Kwa nini simulizi, wakati takwimu zipo?

Kwa sababu takwimu zenyewe zimeanzia kwenye kukisia. Wakimbizi wengi wasio na cheti cha kuzaliwa huandikiwa 1 Januari, na mwaka hukadiriwa. Wala karatasi ya umri haimfai sana bikizee: Inua Jamii, ile ruzuku ya serikali ya Sh 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza 70, ni ya raia wa Kenya.

Umri utajulikanaje basi?

Asiulizwe mwaka. Aulizwe bendera ya Somalia ilipopandishwa 1 Julai 1960 alikuwa bado chuoni akisoma Kurani, au ameshaolewa? Na serikali ilipowaleta wafugaji Barawa wakafunzwe uvuvi, baada ya ukame wa Dabadheer wa 1974–75, alikuwa ameshamzaa nani? Watoto ndio kalenda yake.

Kisha aulizwe habari za kofia. Barawa ina sifa ya kofia za kushonwa kwa mkono, na washonaji ni wanawake. Macho yalimkatalia sindano lini? Tangu hapo pesa za mkononi zilitoka kwa nani? Jibu la swali hili hueleza uzee wa ugenini zaidi kuliko kipimo chochote cha presha.

Kuna mfano wa papa hapa Mombasa?

Upo, na mzuri. Miaka ya 1970 Margaret Strobel alirekodi maisha ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Strobel na Sarah Mirza waliyatoa kitabuni kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili. Hawakuwa wakimbizi, lakini harusi, ngoma za lelemama na kumbukumbu za utumwa vilisimuliwa na wenyewe, kwa lugha yao. Hilo la lugha ndilo la kuigwa kwanza.

Nani ahoji, na wapi?

Mwanamke, na afadhali anayejua Chimiini, lugha ya Barawa. Kiswahili cha Mombasa hakifikishi kila kitu. Baraza za Mji wa Kale ni za wanaume, kwa hiyo kikao kiwe ndani, baada ya alasiri kazi zikipungua. Binti akiwepo humkumbusha mamake majina, ila pia humfunga mdomo. Vikao viwili, kimoja bila jamaa, vitafaa zaidi.

Na machungu ya vita?

Asilazimishwe, kinasa sauti kizimwe akitaka. Tatizo kubwa ni jingine. Mkimbizi amehojiwa na maafisa miaka na miaka, ameshajua hadithi inayotakiwa kwenye faili. Aambiwe waziwazi tangu mwanzo kwamba mazungumzo haya hayaleti viza wala kadi, wala hayamnyimi. Asipoambiwa, atarudia ile ya faili.

Familia yenye bikizee kama huyu haihitaji kumngoja mtafiti: simu ya mkononi inatosha. Aombwe ruhusa, na nakala ya kwanza iwe yake.