Homa ya Ini B Sugu: Nani Yumo Hatarini Zaidi Kupata Saratani?

Mtu akipimwa na kuambiwa ana homa ya ini B, swali la kwanza nyumbani huwa: je, nitapata saratani? Wengi hawatapata. Lakini hatari hailingani kwa kila mtu, na daktari anaweza kuikadiria mapema.

Ugonjwa huu huitwa sugu virusi vikikaa mwilini zaidi ya miezi 6. Kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakiwa wachanga, takriban 9 hubaki navyo. Mtu mzima kwa kawaida huvishinda. Kenya ilianza kuwachanja watoto wote mwishoni mwa 2001, hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakukingwa utotoni.

Njia mojawapo ya kukadiria huitwa PAGE-B, iliyochapishwa 2016 kwa ajili ya wagonjwa wanaotumia dawa za kudhibiti virusi. Inahitaji umri, jinsia na idadi ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Chembe hizi hupungua ini linapojaa makovu, ndiyo maana zinaweza kufichua madhara ambayo mgonjwa bado hayahisi.

Aliye chini ya miaka 30 hupewa alama 0. Wa miaka 30 hadi 39 hupewa 2, kisha alama 2 huongezwa kwa kila miaka 10, hadi 10 kwa aliyefika 70. Mwanamume huongezewa 6, mwanamke 0. Chembe sahani zikiwa 200,000 au zaidi kwa maikrolita ya damu ni 0. Kati ya 100,000 na 199,999 ni 6. Chini ya hapo ni 9.

Tuchukue mwanamume wa miaka 42 mwenye chembe 150,000: 4, 6 na 6, jumla 16. Hiyo ni hatari ya wastani, yaani 10 hadi 17. Katika utafiti huo, takriban wagonjwa 3 kati ya 100 wa kundi hili walipata saratani ndani ya miaka 5. Waliokuwa na 18 au zaidi walikuwa takriban 17 kati ya 100. Wenye 9 au chini, hakuna.

Hapa tahadhari inahitajika. Utafiti huo ulifanywa kwa wagonjwa zaidi ya 1,800 wa Ulaya. Afrika saratani ya ini huwapata watu wakiwa na umri mdogo zaidi, na alama haziulizi kuhusu pombe, virusi vya UKIMWI wala ndugu aliyeugua saratani hiyo. Haziulizi pia kuhusu mahindi yenye kuvu. Aflatoksini, sumu iliyoua watu 125 Makueni, Kitui na maeneo jirani mwaka 2004, ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka na mwenye homa ya ini B huzidisha hatari maradufu na zaidi. Kijana mwenye alama chache lakini baba yake alifariki kwa saratani ya ini asiambiwe aende nyumbani tu.

Aliye hatarini hupigwa picha ya altrasaundi ya ini kila baada ya miezi 6, hata kama hana maumivu, kwa sababu uvimbe mdogo ndio unaoweza kutibiwa. Dawa kama tenofovir hupunguza hatari bila kuiondoa kabisa, kwa hiyo anayezimeza naye aendelee kupigwa picha. Ukienda kliniki, beba matokeo yako ya damu ya awali na umweleze daktari ni nani katika familia aliyewahi kuugua ini.